Chama kisichokuwa na mstaafu hata mmoja

Jumatatu, tarehe 13 Januari 1986, asubuhi, mji wa Aden, makao makuu ya Yemen ya Kusini. Wakubwa wa chama tawala wanaingia mmoja mmoja chumba cha mkutano, politiburo, yani kamati ya juu ya chama, inakaa kikao chake kama kawaida. Gari la Rais Ali Nasir Muhammad liko nje, limeegeshwa palepale linapoegeshwa siku zote, kwa hivyo kila anayepita anajua mwenyewe ameshafika. Mlinzi wake mmoja anaingia na brifkesi ya bosi na kuitua kando ya kiti chake. Mlinzi mwengine anazunguka na chupa ya chai, anawamiminia waliokaa.

Rais hayupo. Ameshatoka mjini, yuko Abyan, kwao.

Ghafla yule wa brifkesi anachomoa bastola ya rashasha na kumpiga Ali Antar, makamu wa rais, risasi za mgongo.

Hivyo ndivyo walivyosimulia walionusurika. Na waliokuwemo mle ndani nao hawakuja mikono mitupu, walichomoa za kwao, wakapigana chumba kizima. Ali Antar akafa, Saleh Muslih Qasim waziri wa ulinzi akafa, Ali Shayi Hadi akafa, na walinzi wa pande zote mbili. Abdul Fattah Ismail, rais wa zamani, na Ali Salim al-Beidh, mjumbe mwenzao, wakatoka hai, ingawa huyo wa kwanza hakufika mbali.

Sasa mimi nimekaa na hii picha wiki kadhaa na inayonisumbua ni ile chai. Yani mtu umejifunga bastola kiunoni kwenda kikao cha chama chako mwenyewe, umekuja na walinzi wako kwa sababu humuamini mwenyekiti, miezi mizima huko nje mnasemana kila mmoja anapanga kumpindua mwenzake, alafu mlinzi wa huyohuyo mtu anakuja na chupa na wewe unanyoosha kikombe. Ulikuwa unafikiria nini?

Na kama ulijua, kwa nini ulienda?

## "Walikuwa wanatizama kipande"

Haya yote yalianzia barzani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa. Huku habari za Yemen si habari za nje bana, nusu ya mtaa wana mtu Mukalla au Seiyun au Shihr, na anayekataa kuitwa Mshihiri mtazame jina la ukoo. Sasa vijana walikuwa wamekamata simu wanabishana, mara Kusini itajitenga, mara Saudia hawatakubali, mara Imarati ndio wenye mji, kelele tupu, na pembeni yuko ami mmoja ambaye ujana wake aliumalizia Aden, bandarini. Hachangii. Anakunywa kahawa yake.

Alafu akasema tu, bila kumtazama mtu: "Mwaka wa themanini na sita walikuwa wanatizama kipande."

Kijana mmoja akamuuliza, kipande cha nini ami?

"Kipande, kitambulisho. Umezaliwa wapi." Akaitisha kahawa nyengine na hakuongeza neno, na sisi sote tunamjua, huyo akishafunga mdomo umefungwa.

Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma. Kitu cha kwanza kilichonigonga ni kuwa nchi iliyokuwa ikiuwa watu kwa mahali walipozaliwa ndio nchi iliyojitahidi kuliko zote pale Uarabuni kufuta habari za mahali mtu alipozaliwa.

## Mkoa wa Tano

Waingereza waliishika Aden tangu 1839, wakaondoka Novemba 1967, na waliochukua nchi ni vijana wa National Front waliokuwa wamewapiga vita milimani kule Radfan na vichochoroni mle Crater. Ndani ya miaka michache wakawa dola pekee ya Kimarx katika Waarabu wote. Mabenki na makampuni yakataifishwa 1969, ardhi ikagawiwa, nyumba za watu zikachukuliwa, Warusi wakaja.

Walichofanya na mikoa ndicho nilichokisoma mara mbilimbili. Majina ya zamani, ya masultani na makabila na koo, waliyaona ni sumu. Wakayafuta. Nchi ikawa Mkoa wa Kwanza mpaka Mkoa wa Sita. Aden ni wa Kwanza, Lahij wa Pili, Abyan wa Tatu, Shabwa wa Nne, Hadhramaut wa Tano, Mahra wa Sita. Hebu fikiria barua inatoka Mombasa kwenda Tarim, mji wenye makaburi ya masharifu wa miaka na miaka, na kwa serikali huko ni Mkoa wa Tano tu. Visasi vya makabila vikapigwa marufuku, mtu kujiita kwa kabila lake ikawa aibu ya kisiasa.

Na msinifahamu vibaya, si kila kitu kilikuwa kibaya. Sheria ya familia ya 1974 iliwapa wanawake haki ambazo majirani wote walikuwa hawajaziota, shule zilifika vijiji ambavyo Mwingereza alipita na gari tu. Hata mirungi waliifungia, mtu wa mjini unatafuna siku za mwisho wa wiki peke yake. (Hebu ilete hiyo sheria hapa Mombasa uone chama gani kitabaki.)

Lakini kwa familia nyingi za huku, kumbukumbu ya utawala ule ni nyengine. Mwanzoni mwa miaka ya sabini kule Hadhramaut watu walifungwa nyuma ya magari wakaburutwa mpaka wakafa, masharifu na wenye mashamba na watu waliosingiziwa tu, mchana, umati ukitazama. Nyumba zilizojengwa kwa pesa za kutoka Afrika na Jawa zikachukuliwa. Ndio maana wazee wetu wengi ukiwatajia ukomunisti hawatajadili Marx wala nini, watakutajia jina la mtu.

Kwa hivyo nilianza kusoma nikiwa na jibu langu mkononi: makabila yalikandamizwa, yakalipuka. Rahisi. Nikataka kuandika hivyo na nimalize.

Alafu nikaifuata safu ya viongozi mmoja baada ya mwengine na jibu likaanza kunilegea.

## Nani alirudi nyumbani?

Rais wa kwanza, Qahtan al-Shaabi. Akaondolewa na wenzake Juni 1969, akawekwa kizuizini mpaka alipokufa 1981. Faisal al-Shaabi, jamaa yake aliyekuwa waziri mkuu, aliuawa akiwa kizuizini 1970.

Akaja Salim Rubai Ali, watu wakimwita Salmin, mtu wa wakulima, mpenzi wa Wachina. Juni 1978 mjumbe kutoka Kusini alienda Sanaa kwa rais wa Yemen ya Kaskazini, wakati ule nchi mbali, al-Ghashmi, na brifkesi (tena brifkesi), ikafunguliwa, bomu, rais akafa. Siku mbili baadaye, tarehe 26, Salmin alipinduliwa mjini Aden na akapigwa risasi siku ileile. Waliosimama dhidi yake ni kina nani? Abdul Fattah Ismail, Ali Nasir Muhammad, Ali Antar.

Majina yaleyale. Yasomeni tena.

Abdul Fattah akawa mkubwa, chama kikapewa jina jipya, Chama cha Kisoshalisti cha Yemen, Oktoba 1978. Mtu wa nadharia, alizaliwa upande wa Kaskazini, aliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha mafuta cha Waingereza pale Aden, hana kabila la kumbeba katika Kusini nzima. Aprili 1980 Ali wawili, Nasir na Antar, wakamsukuma, akajiuzulu "kwa sababu za afya" na kupelekwa Moscow.

Ali Nasir akawa kila kitu, rais, katibu mkuu, waziri mkuu. Akaanza kufungua milango kidogo, biashara, uhusiano na Ghuba na hata na Kaskazini. Ali Antar hakufurahi, na safari hii akamtafuta yule waliyemfukuza pamoja. Mwaka 1985 Abdul Fattah akarudi kutoka Moscow.

Nimeitazama hii orodha nikatafuta kitu kimoja tu. Mtu mmoja. Kiongozi aliyeshindwa, akakubali, akarudi kijijini kwao akakaa na wajukuu. Hayupo. Kizuizini, risasi, uhamisho, risasi, uhamisho. Hata wale waliokuja baada ya 1986, al-Beidh na Haidar al-Attas, nao waliishia nje ya nchi 1994.

Chama kile hakikuwa na mstaafu.

## Dodoma, miaka miwili nyuma

Hapa nitawavusha mpaka kidogo, manake wakati nasoma nilikuwa namkumbuka mtu mwengine kabisa.

Januari 1984, Aboud Jumbe, rais wa Zanzibar na makamu wa rais wa Tanzania, alienda kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM Dodoma. Chama kimoja, siasa ya ujamaa, hakuna upinzani, hakuna gazeti la kumtetea. Alikuwa na hoja zake kuhusu muundo wa muungano, zikamgeukia, akabanwa kikaoni mpaka akajiuzulu. Alishindwa vibaya sana kisiasa. Alafu? Alafu akaenda kukaa Mjimwema, Kigamboni, akasali, akaandika, akafa 2016 akiwa mzee wa makamo ya tisini na kitu.

Sisemi Tanzania ilikuwa pepo. Kassim Hanga, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Zanzibar, naye alikuwa wa hukohuko, na 1969 alirudishwa Zanzibar na hakuonekana tena, kwa hivyo tusijisafishe. Ila baina ya Hanga na Jumbe kuna kitu kilibadilika, na kilipobadilika maana ya kushindwa kikaoni nayo ilibadilika. Jumbe alipoingia ukumbini Dodoma alikuwa na cha kupoteza, lakini si roho yake. Na anayejua hivyo haendi kutafuta vijana wa kwao wenye bunduki kabla ya mkutano.

Ali Antar alijua nini? Alimuona Salmin. Alikuwa miongoni mwa waliomfanya Salmin awe Salmin. Ali Nasir vilevile. Kila mmoja pale mezani alikuwa shahidi wa namna chama kinavyomaliza hesabu, na alikuwa shahidi kwa sababu alishika upande wa kisu.

## Kura

Oktoba 1985 chama kilifanya mkutano mkuu wake wa tatu. Wakapatanishwa kwa juujuu, Warusi wakiwapigia debe la umoja, Ali Nasir akabaki katibu mkuu lakini Abdul Fattah na watu wake wakaingia tena politiburo. Idadi zikamgeuka Ali Nasir. Kwenye chama kinachojiita cha kidemokrasia hilo ni jambo la kawaida, unapoteza wingi, unashindwa hoja, unasogea.

Usogee wapi?

Nadhani ndio hapo nilipogeuka. Nilikuwa nikimsoma Ali Nasir kama jambazi aliyetega mtego, na mtego aliutega, gari nje, brifkesi ndani, mimi siwezi kumtolea udhuru. Mwenyewe amekuwa akisema miaka yote kwamba wenzake ndio waliokuwa wanapanga kummaliza, yeye amewatangulia. Nikawa najiambia ni uongo wa muuaji. Kisha nikajiuliza, ivi kama ni kweli? Na nikagundua kwa akili yangu yote kuwa zote mbili zinaweza kuwa kweli, alikuwa muuaji na alikuwa sahihi kuogopa, na wale aliowaua nao walikuwa sahihi kumuogopa, na hapakuwa na mlango hata mmoja katika katiba ya chama wa kutokea mtu akiwa hai na heshima yake.

Na mtu asiye na mlango anaegemea wapi? Hawezi kumuegemea Marx. Anaegemea kwao. Walinzi unawachukua kijijini kwenu manake hao hawatakuuza. Mkuu wa kikosi unamtaka mtoto wa mjomba. Ali Nasir ni wa Dathina, Abyan, akajizungushia watu wa Abyan na Shabwa. Ali Antar na Saleh Muslih ni wa Dhale, jeshi lilikuwa limejaa watu wao, Dhale, Radfan, Yafi, Lahij. Kila mmoja ndani ya chama cha kufuta makabila alikuwa amejijengea kabila lake kimyakimya, tena kwa mishahara ya serikali. Kwa hivyo ile nadharia yangu ya kwanza, ya makabila kukandamizwa kisha yakalipuka, mimi siiamini tena. Makabila hayakulipuka yenyewe. Waliyaita wao, wakubwa, kwa woga.

Kuhusu chai sasa, naona walienda kwa sababu kutokwenda ilikuwa hatari zaidi. Ukisusa kikao umejitangaza msaliti, umewapa sababu. Ukienda na bastola angalau uko mezani. Nahisi hata kunyoosha kikombe ilikuwa sehemu ya kuonyesha kwamba huogopi.

## Siku zilizofuata

Redio Aden ikatangaza kuwa jaribio la mapinduzi limezimwa, na wapangaji wanne wamehukumiwa na kuuawa, Abdul Fattah akiwa wa kwanza kutajwa. Abdul Fattah alikuwa hajafa. Alitoka kwenye jengo lile akiwa hai, akapakiwa gari la deraya, na baada ya hapo mwili wake haukuonekana mpaka leo. Yani redio ilimuua kabla.

Alafu mji ukawaka. Vifaru kwenye barabara ya Maalla, ile iliyonyooka yenye maghorofa waliyojengewa familia za askari wa Kiingereza. Mizinga ikitoka baharini na milimani. Wageni wakakimbilia ufukwe wa Khormaksar, na aliyekuja kuwachukua, miongoni mwa meli za Kirusi na Kifaransa, ni yacht ya Malkia wa Uingereza, Britannia, ilikuwa njiani kwenda New Zealand ikageuzwa, ikabeba zaidi ya watu 1,000. Miaka 18 baada ya kumfukuza mkoloni, boti la Malkia linakuja kuokoa watu kutoka kwa waliomfukuza. Ningekuwa Mwingereza ningelitania hili kila siku.

Mitaani ndio kukawa na kile alichokisema ami. Kizuizi, askari, kipande. Mahali pa kuzaliwa. Ukiwa wa Abyan mbele ya watu wa Dhale umekwisha, ukiwa wa Radfan mbele ya watu wa Abyan umekwisha. Miaka kumi na kitu ya mikoa ya namba, shule, nyimbo za chama, na watu walioitana komredi tangu utotoni, ikaishia kwenye mstari mmoja wa kadi.

Makadirio ya waliokufa yanaanzia 4,000 mpaka 10,000, kwa mapigano ya siku kumi hivi. Makumi ya maelfu wakavuka kwenda Kaskazini pamoja na Ali Nasir, ambaye alishindwa. Waliobaki Aden wakamtafuta mtu ambaye hakuwepo siku ile, wakampata Haidar Abu Bakr al-Attas, waziri mkuu tangu 1985, Mhadhrami, alikuwa safarini India mambo yalipoanza. Akawa rais. Na al-Beidh, Mhadhrami mwengine aliyetoka hai kwenye kile chumba, akawa mkubwa wa chama. Mkoa wa Tano ukakalia viti viwili vya juu, si kwa nguvu zake, ila wenye nguvu walikuwa wamemalizana.

## Waliosameheana

Desemba 1987 mahakama ikamhukumu Ali Nasir kifo akiwa hayupo, na watano kati ya waliokuwepo wakapigwa risasi. Upande mmoja tu ndio uliohukumiwa, bila shaka, kwani aliyeshinda alijishitaki wapi?

Baada ya hapo chama hakikuwa na pumzi. Moscow nayo ikawa haina. Mei 22, 1990 al-Beidh akaungana na Ali Abdullah Saleh wa Kaskazini, Ali Nasir akahamia Syria, na 1994 muungano ukaingia vitani, Kusini ikataka kujitenga ikashindwa. Na hapa angalieni vizuri: kati ya walioliongoza jeshi la Kaskazini kuiingia Aden alikuwemo Abdrabbuh Mansur Hadi, mtu wa Abyan, mtu wa Ali Nasir, aliyekimbia 1986. Alirudi mjini na vifaru vya mwengine. 2012 akawa rais wa Yemen nzima.

Januari 2006, tarehe 13 hiyohiyo, kikundi cha watu wa Kusini walikutana kwenye jumuiya ya watu wa Radfan pale Aden, wa Abyan na wa Dhale pamoja, kusameheana. Hawakuunda tume, hawakuita mashahidi, hakuna aliyesoma majina ya nani alimuua nani. Waliamua tu siku ile iwe ya kusameheana badala ya kuombolezana. Serikali ya Sanaa ikaogopa kiasi cha kuifunga jumuiya.

Mimi hilo linanigusa na wakati huohuo silielewi. Nimewauliza watu wawili watatu wenye jamaa huko, mmoja ananiambia bila ule mkutano Kusini isingesimama tena, mwengine ananiambia walifunika shimo na zulia. Nikimsikiliza wa kwanza namuamini, nikimsikiliza wa pili namuamini pia, manake Agosti 2019 Baraza la Mpito la Kusini, kiongozi wake wakati ule Aidarus al-Zubaidi wa Dhale, liliiteka Aden kutoka kwa serikali ya Hadi wa Abyan, na mstari wa mbele ukaenda kutulia Abyan, upande wa Shuqra. Ukiichukua ramani ya 1986 ukaiweka juu ya ile ya 2019 hutahitaji kubadilisha mengi.

Ila safari hii waliopigana wengi wao Januari ile walikuwa hawajazaliwa, na hakuna chama kilichowafundisha kuitana komredi wala namba za mikoa. Wao majina yote wanayo, Dhale, Yafi, Abyan, Hadhramaut, wameyaandika mpaka kwenye bendera za vikosi vyao. Kwa hivyo suala la mlango wa kutokea liko palepale: Hadi naye Aprili 2022 alisoma hotuba ya kukabidhi madaraka akiwa Riyadh, si nyumbani kwao.